Je, wajua kwa nini kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye kompyuta, hunyamaza ghafla wakati sauti ipo?

Chukua mwalimu asiyeona wa shule moja ya Dodoma anayehakiki alama za mtihani kwenye Excel kwa kutumia NVDA, kisoma skrini cha bure ambacho Michael Curran alianza kuitengeneza Australia mwaka 2006. Akibonyeza mshale wa chini husikia "64 B7": alama kwanza, kisha seli. Anaweka kiongezo kipya, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya NVDA, na tangu hapo akibonyeza mshale ni kimya. Menyu zinasomwa vizuri, ila seli hazisomwi.

Kila seli inapochaguliwa, NVDA hupata taarifa inayoitwa tukio. Taarifa hiyo hupita kwa zamu, kama kijiti cha mbio za kupokezana. Huanzia kwenye viongezo vinavyofanya kazi katika programu zote, huenda kwenye moduli ya Excel (sehemu ya NVDA inayoshughulikia Excel pekee), na mwishowe hufika kwenye seli yenyewe, ambako ndiko inakosomwa. Kila anayeipokea anapaswa kuipitisha kwa amri fupi, nextHandler(). Mwandishi wa kiongezo akiisahau, tukio linaishia kwake. Hakuna kinachoharibika, kwa hiyo hata faili ambamo NVDA huandika matukio na makosa yake haionyeshi hitilafu, na ndiyo maana watu huhangaika kubadilisha spika na kusakinisha Windows upya bure.

Kuna na kinyume chake: viongezo viwili vinajibu tukio lilelile. Alama inatajwa mara mbili, au kimoja kinakata sauti ya mwenzake kabla neno halijaisha.

Kwa maoni yangu, mzigo ni wa anayeandika kiongezo cha programu zote, kwa kuwa ndiye anayetangulia. Apitishe kila tukio lisilomhusu. Akitaka kuongeza neno lake, aite nextHandler() kwanza ndipo aseme. Wala asitegemee kwamba kiongezo chake kitatangulia vingine vya aina yake.

Kwa mtumiaji, bonyeza NVDA+Q (kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert), chagua kuwasha upya bila viongezo. Sauti ikirudi, mkosaji yumo humo: zima kimoja kimoja, ukiwasha NVDA upya kila mara, mpaka seli zisomwe. Ukimpata, mwandikie mtengenezaji wake, umtajie toleo la NVDA, programu uliyokuwamo, na viongezo vingine vyote vilivyokuwa vimewashwa, kwani kiongezo hicho peke yake huenda kinafanya kazi bila tatizo.