Bq Si Sumu: Ni Jina la Profesa wa Paris

Tangu kampeni ya ofisi yetu ya udhibiti wa mionzi, ya vyeti vya mionzi kwa wafanyabiashara wa vyakula, ianze, swali linaloongoza ni hili: "Hiyo Bq mliyoikuta kwenye maziwa yangu ya unga ni sumu gani?" Wapo walioandika barua kwa wauzaji wao wa nje wakilalamika kwamba shehena imechanganywa na Bq. Tafadhali. Bq si sumu, si dawa ya kuhifadhia chakula, wala si mdudu. Ni kifupi cha becquerel, kipimo kinachohesabu viini vya atomu vinavyovunjika kila sekunde. Kiini 1 kwa sekunde 1 ni becquerel 1. Mwili wako wewe unayesoma hapa una takriban becquerel 4,000 za potasiamu ya asili peke yake, kwa hiyo tarakimu mbili kwenye cheti zisikunyime usingizi.

Aliyepewa heshima ya kipimo hicho ni Mfaransa Antoine Henri Becquerel, aliyezaliwa Paris tarehe 15 Desemba 1852. Fizikia kwao ilikuwa kazi ya ukoo. Babu yake, Antoine César, alishika uprofesa wa fizikia katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili mwaka 1838. Akafuata baba yake, Edmond. Henri akaupata mwaka 1892. Na baada yake mwanawe Jean. Vizazi vinne, kiti kimoja. Huku kwetu ungesikia minong'ono, lakini mtu huyu alisoma: kwanza École Polytechnique, kisha uhandisi wa madaraja na barabara, ambao serikali ilimwajiri kuufanya. Shahada yake ya udaktari ya mwaka 1888 ilihusu jinsi fuwele zinavyofyonza mwanga. Mwaka 1895 akawa profesa pale École Polytechnique alikosoma, na makumbusho hakuyaacha.

Januari 1896 wanachama wa Akademia ya Sayansi ya Paris walionyeshwa picha za eksirei, ambazo mwanafizikia Röntgen alikuwa amezigundua miezi michache tu kabla. Eksirei zile zilitoka pale kioo cha mtambo kilipong'aa. Becquerel, aliyerithi kwa baba yake utafiti wa mawe yanayong'aa pamoja na akiba ya chumvi za urani, akajiuliza kama vitu vinavyong'aa baada ya kupigwa na jua navyo hutoa eksirei. Akafunga bamba la picha, yaani kioo chenye kemikali inayobadilika ikipigwa na mwanga, kwa karatasi nyeusi, akaweka chumvi ya urani juu yake, akaanika. Bamba likaingia doa. Tarehe 24 Februari akaiambia Akademia alichokiona, akiamini kwamba jua ndilo lililoiamsha ile chumvi.

Kisha mawingu yakatanda. Mabamba aliyokwisha kuyaandaa akayatia kwenye droo, chumvi ikiwa juu yake. Tarehe 1 Machi akaamua kuyasafisha hivyo hivyo, akitarajia vivuli hafifu, akakuta vivuli vikali. Jua halikuwa na mchango wowote. Mionzi ilitoka ndani ya urani yenyewe. Kesho yake alikuwa tena mbele ya Akademia.

Husemwa kwamba ilikuwa bahati. Sikubaliani. Karibu miaka 40 kabla yake, mtafiti wa picha Niépce de Saint-Victor aliona chumvi za urani zikiacha alama kwenye karatasi za picha, na jambo likaishia hapo. Becquerel alirudia kwa miezi, akajaribu chumvi zinazong'aa na zisizong'aa, hadi urani tupu ya metali. Mwaka 1898 Pierre Curie na mkewe Marie wakagundua poloniamu na radiamu, elementi nyingine zitoazo mionzi, na Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1903 ikagawanywa: nusu kwake, nusu kwa akina Curie.

Sasa nije kwenye mfuko wa kizibao, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya. Mwaka 1901 Becquerel alibeba mfukoni kichupa cha radiamu kwa saa chache. Hakuhisi kitu. Siku kadhaa baadaye ngozi iliyokuwa karibu na mfuko ikawa nyekundu, ikageuka kidonda kilichochukua wiki kupona. Pierre Curie aliiweka radiamu kwenye mkono wake makusudi, akapata jeraha kama hilo, wakaandika pamoja. Kutokana na majeraha hayo madaktari walianza kujaribu radiamu dhidi ya saratani.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, msituletee mawe mfukoni. Tunawashukuru kwa nia njema, lakini mtu anapanda daladala na jiwe analodhani ni urani, anafika mapokezi, analiweka mezani na kuuliza bei. Hatununui. Hakuna ofisi ya udhibiti inayonunua. Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 inataka kibali kabla ya kumiliki, kuingiza nchini au kusafirisha chanzo cha mionzi, na anayekiuka hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Kifurushi halali huwa na lebo. Nyeupe-I, mionzi kwenye uso wake haizidi mikrosieverti 5 kwa saa (mikrosieverti hupima kiasi cha mionzi kinachoupata mwili). Njano-II, haizidi 500. Njano-III, haizidi 2,000 kwa usafirishaji wa kawaida. Njano mbili hizo huandikwa pia namba itokanayo na mionzi iliyopimwa umbali wa mita 1, isiyozidi 1 kwa Njano-II na isiyozidi 10 kwa Njano-III. Ukikuta kitu chenye alama ya majani matatu, ishara ya mionzi, kwenye vyuma chakavu, usikiguse, zuia wengine, toa taarifa polisi au kwetu. Mtaalamu atakuja na kifaa.

Wengine hueneza kwamba mionzi ndiyo iliyomuua Becquerel. Alifariki Le Croisic, Brittany, tarehe 25 Agosti 1908, akiwa na miaka 55, wiki chache baada ya kuchaguliwa katibu wa kudumu wa Akademia. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na kifo chake sitakifanya bango la onyo wakati kidonda chake kinatosha.

Kipimo cha becquerel kilipitishwa kimataifa mwaka 1975. Vyanzo vya mionzi vya zamani bado vina hati zinazotumia kipimo cha awali, curie, yaani Ci. Ci 1 ni becquerel bilioni 37. Mwombaji wa kibali afanye hesabu hiyo kabla ya kujaza fomu, na aandike herufi za vipimo kwa usahihi: MBq ni milioni, mBq ni sehemu ya elfu. Maombi yaliyochanganya hizo mbili tunayarudisha.