Taa nyekundu kwenye jino la kupandikiza: yanayosemwa na ukweli wake

Aliyeng'oka jino la mbele kwa ajali ya boda pale Kampala, akiwa na uwezo, anaweza kuwekewa la kupandikiza: skrubu ya titani ndani ya taya, na kofia ya jino juu yake. Fizi ikianza kutoa usaha miaka kadhaa baadaye, hapo ndipo habari za "tiba ya mwanga bila kisu" zinapomfikia, na nyingi zimepindwa.

"Chuma hakiozi, mimi nimeshamaliza."

Titani haiozi, ni kweli. Kinachougua ni nyama na mfupa unaoishika. Mwanzoni fizi huvimba na kutoka damu, mfupa ukiwa bado mzima. Ukisafishwa vizuri hapo, hali hurudi kuwa njema. Ugonjwa ukishuka hadi kwenye mfupa ndio unaitwa periimplantitisi, na mfupa huanza kuliwa. Mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu huchelewa. Daktari hupima kina cha mfuko wa fizi, yaani nafasi kati ya fizi na jino hilo, kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Kwa vigezo vya kimataifa vilivyotolewa 2018, kama hakuna eksirei ya zamani ya kulinganisha, kina cha milimita 6 au zaidi, pamoja na damu au usaha na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi, vinatosha kuthibitisha ugonjwa. Kwa hiyo ile eksirei ya kwanza usiiache ipotee kliniki. Omba nakala, uihifadhi nyumbani.

"Taa ndiyo inayoua vijidudu."

Taa peke yake haifanyi kazi hiyo. Kwanza daktari hudondosha rangi, aghalabu methilini buluu, kwa sindano butu hadi chini kabisa ya mfuko wa fizi. Anasubiri dakika chache, anasuuza, kisha anaingiza ncha nyembamba yenye mwanga mwekundu na kuizungusha taratibu. Rangi iliyoshika bakteria hupokea nishati ya mwanga na kuipitisha kwenye oksijeni iliyopo; oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali na kutoboa kuta za bakteria. Ikikosekana rangi, mwanga au oksijeni, hakuna kinachotokea. Jambo hili si geni: Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari kule Munich, aliliripoti mwaka 1900, baada ya kuona vijidudu vikifa kwenye rangi iliyopigwa na mwanga.

Na ile taa ya buluu ya kukaushia dawa ya kuziba jino ni kitu kingine, msiichanganye na hii.

"Mwanga huo unaleta saratani."

Huu si eksirei. Ni mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Utavaa miwani ya kinga, na fizi inaweza kubaki na rangi ya buluu kwa muda mfupi. Basi.

"Ukipigwa mwanga, hakuna haja ya kukwanguliwa wala kupasuliwa."

Hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Bakteria hukaa kwenye utando mgumu ulioshikamana na nyuzi za skrubu, na utando huo lazima uondolewe kwa vifaa. Mwanga ni msaidizi tu, tena msaidizi ambaye ubora wake unabishaniwa: mwongozo wa 2023 wa Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia (tiba ya fizi) haupendekezi kuuongeza kwenye matibabu yasiyo ya upasuaji. Wala mwanga hauoteshi mfupa uliokwisha kuliwa. Mimi nisingeulipia kabla ya kusafishwa kwanza, kisha kupimwa upya baada ya wiki kadhaa. Mifuko ikibaki mirefu, upasuaji unazungumzwa, upende usipende.

"Nitanunua amoksilini na Flagyl, nimalize."

Kuanzia Busia hadi Arua utauziwa dukani bila cheti. Dawa huupenya utando huo kwa shida, na kumeza ovyo huzalisha bakteria sugu. Wakati mwingine chanzo ni saruji ya kubandikia kofia iliyobaki chini ya fizi. Saruji hiyo haitolewi na kidonge wala mwanga. Muulize daktari kama kofia yako inafunguka, aitoe na kuangalia.