Kimya kwenye muziki nacho kinapigwa

Mi ni mpiga piano, na kazi yangu kubwa ni muziki wa chemba, yaani ule wa watu wachache, wawili watatu mpaka kama wanane hivi, hakuna kondakta wa kuongoza wapigaji, mnaangaliana tu na kusikilizana pumzi. Na hakuna jioni ninayoipenda kama ile ya vipande vya taratibu ambavyo ndani yake kimya kina kazi sawa na nota. Wengi wakisikia hivyo wanadhani kimya ni pale tunapoacha kupiga tupumzike. Hapana jamani, kimeandikwa kwenye karatasi, tunakihesabu, na kila ala inakiingia na kukitoka kivyake, ndo maana kupanga kipi kianze na kipi kifuate kunaniumiza kichwa kweli kweli.

Chukua piano. Nikishabonyeza nota, nyundo imeshagonga uzi na mimi sina la kufanya tena, sauti inaanza kufa hapo hapo, kilichobaki mkononi mwangu, au mguuni niseme, ni pedali. Mtunzi Arvo Pärt wa Estonia analijua hilo vizuri mno. Baada ya 1968 alikaa miaka kadhaa akitunga kidogo sana huku akisoma nyimbo za kale za kanisa, alafu 1976 akaja na Für Alina, kipande kifupi cha piano peke yake. Mwanzoni unapiga nota nzito za chini, unakanyaga pedali na hauiachii mpaka unakaribia mwisho. Nota za juu zinakuja chache chache, kila fungu linaongezewa moja, zikifika katikati zinaanza kupungua moja moja. Sasa kwa vile pedali imeziachia nyuzi zote, hata zile ambazo sijazigusa zinatetemeka kwa mbali zikiitikia wenzake, kwa hiyo ukikaa viti vya mbele utasikia piano inavuma yenyewe wakati mikono yangu imetulia kabisa.

Klarineti, ala ya kupuliza, ni kinyume chake. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen alitekwa na Wajerumani 1940, akafungwa kambi ya Stalag VIII-A kule Görlitz, Ujerumani, na kwarteti yake, yaani kipande cha wapigaji wanne, iitwayo Kwarteti ya Mwisho wa Nyakati ikapigwa humo kambini kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, kwenye baridi, kwa klarineti, vayolini, selo (kama vayolini kubwa hivi) na piano, maana wapigaji waliokuwepo ndo hao. Sehemu ya tatu ni klarineti peke yake. Kuna nota ndefu pale zinazoanza karibu na sifuri zikapanda mpaka ukumbi unajaa, na hiyo inawezekana kwa sababu kile kipande cha mwanzi mdomoni kinaweza kuamshwa na pumzi ndogo mno, mpigaji haugusi kwa ulimi, anaanza kupuliza tu, unashtukia sauti ipo na hujui ilianza saa ngapi. Piano haiwezi hilo hata ufanyeje.

Sehemu ya tano ni selo na mimi, ameandika ipigwe polepole isiyo na mwisho, selo anashikilia nota ndefu na kazi yake ngumu ni kugeuza upinde unaosugua nyuzi bila mtu kusikia, na mimi narudia kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, kwa mwendo mmoja, taratibu, kwa sababu sauti yangu inakufa na yake haifi. Nikiharakisha hata kidogo nimemnyang'anya pumzi.

Alafu kuna mtunzi Mmarekani John Cage. Tarehe 29 Agosti 1952, ukumbi wa Maverick huko Woodstock, New York, David Tudor alikaa kwenye piano, akafunga mfuniko kuonyesha sehemu imeanza, akaufungua kuonyesha imeisha, mara tatu, jumla dakika 4 na sekunde 33, na ndo jina la kipande chenyewe. Hakupiga nota hata moja. Ukumbi ule umejengwa kwa mbao porini, na Cage alisema baadaye kwamba walisikia upepo, mvua juu ya paa, mwisho watu wenyewe wakinung'unika na kutoka. Wapo wanaosema ni utani, mi sikubaliani nao kabisa, ile kazi ndo imetufundisha sisi wapigaji kwamba ukumbi nao ni ala. Tangu hapo huwezi kupanga jioni kama hii bila kuuliza habari za feni, AC na jenereta ya jirani.

Makofi je? Subiri. Kama upinde bado uko juu au mguu wangu uko kwenye pedali, kipande bado hakijaisha.

Ukitaka kuanza kusikiliza nyumbani, anza na Spiegel im Spiegel ya Pärt, ya 1978, vayolini na piano, kama dakika kumi hivi. Tumia spika nzuri au hedifoni maana simu inameza zile sauti za mwisho. Kwarteti ya pili ya nyuzi ya mtunzi Morton Feldman iache kwanza, ile ikipigwa yote inakaribia masaa sita.