Baharini Hakuna Mbuga: Maana ya Askari wa Hifadhi

Wiki iliyopita, kwa mara ya tatu tangu upepo wa kusi uanze kuvuma, nilisikia redioni kwamba askari wa "mbuga ya bahari" hapa Malindi wamemtoa majini muogeleaji aliyezidiwa na mkondo. Mtangazaji, kwa sauti ya mtu aliyeshangaa, akaongeza kwamba kazi ya askari hao kwa kawaida ni kuwakamata majangili wala si kuokoa watu. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu wake barazani kwangu, aliniuliza bila kuinua macho: "Mwalimu, hiyo mbuga iko upande gani wa mwamba?" Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Maana yenyewe haina ugumu. Askari wa hifadhi ni mtumishi mwenye sare ambaye sheria imempa mamlaka ya kulinda eneo lililotengwa kwa ajili ya viumbe na makazi yao. Hupiga doria, hukagua vyombo na mizigo, humkamata mkosaji pamoja na vidhibiti, yaani vitu vya ushahidi, na humwokoa mnyama au mtu aliyepatwa na hatari katika eneo hilo. Hapa Kenya, katika hifadhi za taifa, mwajiri wake ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililoanza kazi mwaka 1990. Hayo yanatosha. Kinachosumbua si maana bali jina, kwa kuwa jina tulilolizoea ndilo linalotufanya tushangae kila askari huyu anapofanya nusu ya pili ya kazi yake.

Mbuga ni uwanda. Ni nchi pana, tambarare, yenye nyasi na miti michache, na mara nyingi ina udongo mweusi unaotuamisha maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Wataalamu wa udongo waliofanya kazi Tanganyika waliona neno hili linafaa kiasi kwamba walilichukua kama lilivyo, wakaliandika katika taarifa zao za Kiingereza. Serikali za kikoloni zilipoanza kutangaza maeneo ya wanyama, Nairobi mwaka 1946, Tsavo mwaka 1948, Serengeti mwaka 1951, watu waliyaita kwa kile walichokiona kwa macho, yaani uwanda wenye pundamilia. Hata hapo neno lilikuwa limeanza kuteleza, kwa maana sehemu kubwa ya Tsavo ni nyika ya vichaka na miiba, na mtu wa Pwani anayejua tofauti ya nyika na mbuga hawezi kuzichanganya. Baadaye likapandishwa milimani na likaingizwa misituni. Mwaka 1968, Malindi na Watamu zilipotangazwa kuwa hifadhi za bahari, za kwanza nchini, neno la nyasi likashushwa majini na kuwekwa juu ya matumbawe.

Mpwa wangu, ambaye ubishi kwake ni chakula, aliniambia kwamba hata baharini kuna majani na kasa huyala, kwa hiyo mbuga ipo, ila imefunikwa na maji. Nilimjibu kwamba akinionyesha pundamilia hapo nitakubali.

Hifadhi ni neno la namna nyingine kabisa. Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa hafidh, mtu aliyeihifadhi Qur'ani yote moyoni, na kila mtoto aliyepita madrasa ya hapa Malindi au kule Lamu amelitumia kabla hajajua kwamba kuna shirika la wanyamapori. Tunamwombea msafiri kwamba Mola amhifadhi. Tunahifadhi nyaraka, amana na siri. Katika matumizi yote hayo neno halitaji aina ya ardhi. Linataja tendo, na tendo lenyewe lina pande mbili zisizoachana: kukizuia kitu kisiguswe na asiyestahili, na kukiepusha na kupotea. Hafidh hakai tu akizuia watu wasiibe aya. Huirudia kila siku ili isimponyoke.

Hapo ndipo kosa la mtangazaji linapoonekana lilikotoka. Ukimwita mtu askari wa mbuga, umemtaja kwa ardhi anayosimama, na kwa kuwa neno askari lenyewe lina asili ya jeshi (Kiarabu kililipata kutoka neno la Kiajemi lenye maana ya jeshi), msikilizaji anapata picha ya mtu mwenye bunduki katika uwanda wa nyasi. Mtu wa namna hiyo akimvuta muogeleaji majini, ni ajabu. Ukimwita askari wa hifadhi, umemtaja kwa kazi, na ajabu inaondoka. Tanzania wameliona hili mapema: kwao kuna askari wa uhifadhi, na juu yake yuko mhifadhi, ambaye ni afisa msimamizi, na vyeo hivyo viwili havichanganywi. Zamani Watanganyika walikuwa na Bwana Nyama, jina ambalo sijui kama lilimheshimu mnyama au lilimtazama kama kitoweo.

Nijibu pingamizi moja lenye uzito, kwa maana nimeambiwa mara nyingi kwamba magazeti yetu hayakosei bure. Kenya ina ngazi mbili za maeneo ya taifa, na waandishi wengi huita ya juu "mbuga" na ya chini "hifadhi" ili kuzitenganisha. Tofauti hiyo ni ya kweli na inamgusa mvuvi moja kwa moja. Katika eneo la ngazi ya juu, kama lile la Malindi lenye takriban kilomita 6 za mraba, hakuna kuvua kabisa, hata kwa mshipi na ndoana moja. Linalolizunguka, ambalo ni kubwa mara nyingi zaidi na linafika hadi Watamu, ni la ngazi ya pili: humo mvuvi anaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi kama mshipi na malema, ile mitego ya kusuka, lakini akiingia na juya, wavu wa kukokota, au bunduki ya samaki, amevunja sheria. Kwa hiyo askari akilikuta dau, swali lake la kwanza ni dau liko wapi, na la pili ni limebeba nini. Akiwa ndani ya mstari wa kwanza, zana haimsaidii mvuvi; akiwa nje yake, zana ndiyo inayoamua.

Nakubali kwamba tunahitaji maneno mawili. Sikubali kwamba mojawapo liwe mbuga. Tunalo neno akiba, ambalo majirani zetu wa Tanzania wamelitumia katika pori la akiba, nalo linaeleza ngazi ya pili vizuri kuliko neno lolote ninalolijua, kwa sababu akiba huwekwa ili ichotwe kwa kiasi. Tuseme hifadhi ya taifa ya bahari kwa lile lisiloguswa, na eneo la akiba la bahari kwa lile linalochotwa. Ila tusichukue maneno ya majirani kwa pupa. Katika sheria yao ya bahari, hifadhi, kama ile ya Mafia, ina vijiji ndani yake na sehemu ambazo wenyeji wanavua, ilhali maeneo tengefu, kama visiwa vya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam, ndiyo yasiyovuliwa. Mvuvi wa Malindi atakayesoma bango la huko kwa macho ya huku atakamatwa, na wa huko akija huku hali itakuwa hiyo hiyo.

Kiunga, kule Lamu, ni eneo la akiba tangu mwaka 1979 na halina ngazi ya juu ndani yake. Anayeandika "mbuga ya Kiunga" amekosea mara mbili kwa maneno matatu.

Nirudi kwa askari. Neno wanyamapori nalo lina pori ndani yake, na pori ni la nchi kavu, lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaeleza kwamba viumbe inaowalinda ni wanyama, mimea na hata vijidudu, wawe nchi kavu au majini. Kasa, ng'amba, nguva, matumbawe na majani ya bahari, wote ni "wanyamapori" mbele ya sheria. Chukua kasa aliyenaswa katika wavu ndani ya hifadhi. Askari anamkatia wavu ili apumue, kwa maana kasa hana matamvua na hufa maji kama sisi. Huo ni uokoaji. Wavu huo huo, kabla haujatupwa chomboni ovyo, unaandikwa na kutunzwa, kwa sababu sasa ni kidhibiti. Na mwenye wavu akipatikana na kukamatwa, Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata muda huo ukiisha mahakama ikiwa imefungwa. Huo ni utekelezaji wa sheria. Ni mkono mmoja, kisu kimoja, dakika zile zile. Nani atatuambia kazi ya kawaida iliishia wapi na ya ziada ikaanzia wapi? Viboko wa mto Sabaki wakiingia mashambani, anayeitwa kuwarudisha ni huyu huyu, na hapo anamwokoa mkulima na kiboko kwa pamoja.

Kuna jambo moja ambalo mtangazaji alilikaribia bila kulifikia. Utafutaji na uokoaji wa watu baharini, kwa upana wake, umekabidhiwa Walinzi wa Pwani, waliopewa sheria yao mwaka 2018. Askari wa hifadhi hashiki nafasi yao. Lakini boti yake ndiyo iliyo karibu, mipaka ya matumbawe anaijua, na aliyezama yumo ndani ya eneo alilopewa alinde.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sauti yako ni nzuri na habari uliitoa kwa wakati. Siku nyingine sema "askari wa hifadhi ya bahari," kisha yale maneno "kwa kawaida" uyaondoe.