Cheti cha uasili wa bidhaa cha kielektroniki ni nini?

Cheti cha uasili wa bidhaa ni hati inayomthibitishia ofisa forodha wa nchi inayopokea mzigo kwamba bidhaa imezalishwa katika nchi mwanachama wa mkataba wa biashara huria, na kwa hiyo inastahili nafuu ya ushuru iliyokubaliwa. Cheti cha kielektroniki ni hati hiyohiyo, ila maombi, uhakiki, malipo na uidhinishaji hufanyika mtandaoni, na ofisa wa upande wa pili huweza kuthibitisha uhalali wake kwa namba ya cheti au kwa kuskani msimbo uliochapishwa juu yake, badala ya kukodolea macho muhuri.

Nafuu hiyo si ndogo. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika zinazotoka nje ya Jumuiya ni asilimia 25 au 35, ilhali bidhaa yenye uasili wa nchi mwanachama haitozwi ushuru huo wa forodha. Kodi za ndani za nchi inayopokea, kama ile ya ongezeko la thamani, hubaki palepale.

Jambo linalowachanganya wafanyabiashara wengi wa Kigoma ni kudhani kwamba mzigo ulioondokea bandari yetu ni mzigo wa Tanzania. Vitenge vilivyofumwa China, vikashushwa Dar es Salaam na kufika hapa kwa treni, hubaki kuwa bidhaa ya China hata vikifungwa upya na kubandikwa lebo nyingine. Chumvi ya Uvinza, dagaa waliovuliwa upande wetu wa Ziwa Tanganyika na asali ya Tabora havina utata, kwa sababu vimepatikana nchini kwa ukamilifu wake.

Penye kazi ni kwenye bidhaa iliyochanganya malighafi. Chukua mjasiriamali wa Ujiji anayetengeneza sabuni ya mche kwa mawese ya Rumonge, Burundi, na kostiki soda iliyotoka Asia. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007, kwa hiyo mawese yale, yakiwa na uthibitisho wake, huhesabiwa kama ya kwetu. Kinachopimwa ni kostiki soda. Kipimo hutegemea kanuni iliyowekewa bidhaa yenyewe: huenda kikawa uwiano wa thamani ya malighafi ya kigeni na bei ya sabuni inapotoka kiwandani, au badiliko la fungu la ushuru, yaani kundi lenye namba ambamo bidhaa huwekwa katika orodha ya forodha, kwa maana kostiki soda iko fungu la 2815 na sabuni fungu la 3401. Ndiyo maana mtu anapaswa kuijua namba ya fungu la bidhaa yake kabla hajagusa fomu.

Kwa hapa nchini, Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo (TCCIA) ni miongoni mwa taasisi zinazotoa vyeti hivi. Mwombaji hufungua akaunti, huchagua mkataba unaohusika na soko lake, kisha huambatisha ankara na nyaraka nyingine za mzigo. Uchaguzi wa mkataba usifanywe kwa mazoea: mzigo unaokwenda Mpulungu, Zambia, hutumia cheti cha SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), kwa kuwa Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania ilijitoa COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) mwaka 2000.

Mfumo hupunguza safari na kughushi, lakini haujui sabuni ilipikwa na nini. Maelezo ni ya msafirishaji mwenyewe, na forodha ya nchi inayopokea inaweza kuomba yahakikiwe hata baada ya mzigo kuuzwa. Risiti za mawese na hesabu za uzalishaji zitunzwe vizuri, tena zilingane na ankara kwa jina, uzito na idadi ya katoni.

Mwenye mzigo mdogo anayevukia Manyovu kwenda Burundi ana njia nyepesi zaidi. Kwa bidhaa zenye uasili wa Jumuiya na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu wa cheti kilichorahisishwa, kinachopatikana mpakani.