Samatta hakutupwa: namna ya kuusoma mkopo wa mchezaji

Septemba 2020, Aston Villa ya Uingereza ilipotangaza kwamba mshambuliaji wetu Mbwana Samatta anakwenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo, kijiwe chetu cha kahawa Mbagala kiligawanyika pande tatu. Wengi walisema katupwa. Wengine wakasema kaazimwa tu, msimu ukiisha anarudi Uingereza. Wachache, tena kwa sauti ya chini, walisema kauzwa. Wote walikuwa na tangazo lile lile kwenye simu zao.

Mimi ni mtu wa usajili. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa mikataba ya wachezaji, kuiingiza kwenye TMS, ule mfumo wa FIFA wa uhamisho, na kukimbizana na saa siku dirisha la usajili linapofungwa. Nimeiona mikopo ya kila aina. Kila dirisha likifunguliwa nasoma mashabiki wakimtukana kijana kwa sababu ametolewa kwa mkopo, na mara nyingi matusi yale hayana uhusiano wowote na kilichoandikwa kwenye karatasi. Linaniuma, kwa sababu nimekaa na vijana hao ofisini siku wanaposaini.

Neno lenyewe linachangia kutuchanganya. Kwa Kiswahili mtu anakopa fedha, au anakopa unga kwa jirani, anautumia, kisha analipa unga mwingine. Sufuria haikopwi. Sufuria inaazimwa, inarudi ile ile, na ikirudi imetoboka patakuwa na maneno. Kwa mantiki hiyo mchezaji anayekwenda timu nyingine kwa msimu mmoja halafu anarudi, huyo kaazimwa. Lakini wako wengine ambao kwao neno mkopo ndilo sahihi hasa, kwa sababu kinachorudi si mtu, ni fedha. Ukishaelewa tofauti hiyo umeelewa nusu ya jambo, na Samatta ndiye mfano mzuri kuliko wote ninaoujua.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Januari 2020, mshambuliaji wa Villa, Wesley, aliumia vibaya goti kwenye mechi ya ugenini dhidi ya Burnley. Villa ilikuwa inapigana isishuke daraja na haikuwa na straika. Kabla mwezi haujaisha ikamchukua Samatta kutoka Genk, ambako msimu wa 2018/19 alikuwa ametwaa ubingwa wa Ubelgiji akiwa na mabao 23 ya ligi. Mkataba ulikuwa wa miaka minne na nusu. Tarehe 1 Februari alifunga Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Usiku ule Mbagala haikulala, ingawa Villa ilifungwa 2-1.

Halafu korona ikasimamisha ligi. Iliporejea Juni, viwanja vikiwa vitupu, bao jingine halikuja. Villa ilinusurika siku ya mwisho kwa sare ya 1-1 na West Ham, ikamaliza nafasi ya 17. Samatta alikuwa na mechi 14 za ligi na bao moja. Septemba klabu ikavunja rekodi yake ya usajili, ikamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford kwa pauni milioni 28, na dau lile lingeweza kupanda zaidi. Kuanzia siku hiyo Samatta hakuwa na namba. Hakuna kocha anayenunua mshambuliaji kwa fedha ile ili amwanzishe mwingine.

Sasa lisome tangazo la Fenerbahçe kama tunavyolisoma sisi ofisini. Lilisema anakuja kwa mkopo, na msimu ukiisha anakuwa mchezaji wao moja kwa moja kwa mkataba wa miaka minne. Kipengele hicho ndicho wengi kijiweni walikiruka. Huo ulikuwa ununuzi uliovaa koti la mkopo. Samatta hakuwa na siku ya kurudi Villa, na wale wachache waliosema kauzwa ndio waliokuwa sahihi.

Kwa nini klabu zinafanya hivyo badala ya kuuziana tu? Sababu kubwa ni hesabu. Mnunuzi anampata mchezaji leo, na gharama kubwa inaingia kwenye vitabu vya mwaka unaofuata. Agosti 2017 PSG ilimchukua Kylian Mbappé kutoka Monaco kwa mkopo wa msimu mmoja, na nyuma yake kulikuwa na ununuzi wa hadi euro milioni 180. Hakuna shabiki aliyesema Mbappé katupwa. Muundo wa mkataba wake na wa Samatta ni ndugu wa tumbo moja, ila yule alikuwa akipanda na huyu alikuwa akishuka kutoka ligi tunayoiangalia kila Jumamosi. Maneno ya kijiweni yalifuata hisia hizo, mkataba haukusomwa.

Kwa hiyo mkopo ukitangazwa, cha kwanza kutafuta ni kama kuna kununua, na kununua kwenyewe ni kwa hiari au kwa lazima. Wa hiari unamwachia anayemchukua nafasi ya kumjaribu: akimpenda atalipa bei iliyokubaliwa, asipompenda atamrudisha. Wa lazima ni mauzo. Katikati kuna mikataba ya masharti, kwamba akicheza mechi kadhaa, au timu isiposhuka, hiari inageuka lazima. Hapa mashabiki wawe macho. Ukiona mchezaji aliyekuwa anaanza kila wiki amewekwa benchi ghafla mwezi Aprili bila jeraha, huenda kocha hana tatizo naye. Huenda mhasibu ndiye anayezihesabu mechi.

Cha pili ni mshahara, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Klabu mbili zinaweza kugawana mshahara vyovyote zinavyotaka: nusu kwa nusu, wote kwa anayepokea, au klabu mama, yaani ile inayommiliki, iendelee kulipa sehemu kubwa ili tu kijana apate dakika za kucheza. Mgawanyo huo unakuambia mengi kuliko maneno ya kocha kwenye kamera. Klabu mama ikikubali kulipa sehemu kubwa, mara nyingi bado inamtaka, inamlipia shule. Ikishinikiza kila senti ilipwe na mwingine, mara nyingi inapunguza mzigo.

Miaka iliyopita nilishughulikia mkopo wa beki wa kushoto, kijana wa miaka 20, kutoka klabu kubwa ya hapa nyumbani kwenda timu ya mkoani. Viongozi wa pande zote mbili walikubaliana kwa mdomo juu ya mshahara. Mimi nilitaka iandikwe. Nikaambiwa dirisha linafungwa saa sita usiku, mambo madogo yatawekwa sawa baadaye. Nikaipeleka karatasi bila kipengele hicho. Kijana yule alikaa miezi mitatu bila mshahara, kila klabu ikimwambia akamuulize mwenzake. Alinipigia simu akiwa hana kodi ya chumba. Jukwaani mashabiki walikuwa wakiimba kwamba ameshuka kiwango. Wangejua alikuwa anakwenda mazoezini kwa miguu na chakula chake kilikuwa mlo mmoja, sidhani kama wangeimba. Tulimaliza kwa kikao kirefu na akalipwa, lakini msimu wake ulishapotea. Tangu siku ile sijapeleka mkopo wowote usio na mgawanyo wa mshahara kwa maandishi, hata wanipigie kelele saa tano na dakika hamsini.

Kanuni za FIFA zilizoanza Julai 2022 zimeziba matundu kadhaa ya namna hii kwa mikopo ya kimataifa. Mkopo lazima uwe kwa maandishi na hauwezi kuzidi mwaka mmoja kwa mara. Aliyemchukua mchezaji kwa mkopo haruhusiwi kumtoa tena kwa mkopo kwingine. Mkataba wake kwenye timu aliyokopeshwa ukivunjika kabla ya wakati, mchezaji ana haki ya kurudi klabu mama, nayo inawajibika kumpokea mara moja. Idadi pia imebanwa: kuanzia Julai 2024 klabu haivuki wachezaji 6 iliowatoa nje kwa mkopo na 6 iliowaingiza, isipokuwa vijana wa miaka 21 kushuka waliokuzwa na klabu yenyewe. Zamani klabu tajiri zilitunza wachezaji kama mtu anavyotunza magunia ghalani, kumi hapa, ishirini kule. Mimi naona kanuni hizi zilichelewa sana.

Cha tatu ni miaka iliyobaki kwenye mkataba mama. Mchezaji aliyebakiza mwaka mmoja akitolewa kwa mkopo wa mwaka mmoja, basi kwaheri imeshaandikwa, hata kama hakuna aliyeitamka. Aliyeongezwa mkataba wiki ile ile anayotolewa, huyo anatarajiwa nyumbani.

Wale wanaodhani mkopo ni kaburi wanaweza kumtazama Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyewahi kuichezea Harambee Stars ya Kenya. Agosti 2017 Liverpool ilimtoa kwa Wolfsburg. Nakumbuka rafiki zangu wa Nairobi walivyonuna. Wolfsburg ilikuwa na msimu mbaya, ikabaki ligi kuu ya Ujerumani kwa kushinda mechi za mchujo dhidi ya Holstein Kiel, na Origi alifunga kwenye mechi ya kwanza. Hakukuwa na kipengele cha kumlazimisha mtu amnunue. Akarudi Liverpool, bado wa akiba, bado akisugua benchi. Desemba 2018 akawafunga Everton dakika ya 96. Mei 2019 akafunga mawili Barcelona ilipolala 4-0, na Juni mosi akafunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Tottenham. Huyo ndiye aliyeazimwa kweli kweli. Sufuria ilirudi, na ndiyo iliyopikia karamu.

Sisemi kila anayetolewa atarudi hivyo. Wengi hawarudi. Ninachosema ni kwamba mkataba wa Origi ulimwachia mlango wazi na wa Samatta uliufunga, na yote hayo yalijulikana siku ya kwanza.

Kuna jambo jingine mashabiki hubishania mpaka kahawa inapoa: mchezaji wa mkopo anaruhusiwa kucheza dhidi ya klabu mama? Jibu linategemea mashindano. Ligi Kuu ya Uingereza inakataza kabisa. Kwenye mashindano ya UEFA ni tofauti. Mwaka 2014 Atlético Madrid ilipangwa na Chelsea nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na kipa wa Atlético, Thibaut Courtois, alikuwa mali ya Chelsea. Ikasemekana kuna kipengele cha kulipa fedha iwapo atacheza. UEFA ikatamka wazi kwamba kipengele chochote kinachompa mtu nguvu ya kuamua nani apangwe na timu nyingine ni batili. Courtois alidaka mechi zote mbili, na Atlético ikashinda 3-1 London. Agosti 2020 Philippe Coutinho, mchezaji wa Barcelona aliyekuwa Bayern kwa mkopo, aliingia akitokea benchi akaifunga Barcelona mabao mawili katika zile 8-2.

Nasi tulipata ya kwetu. Istanbul hapakumkalia vizuri Samatta. Septemba 2021 Fenerbahçe, ambayo sasa ilikuwa ndiyo mmiliki kamili, ikamtoa kwa mkopo kwenda Antwerp ya Ubelgiji. Kijiweni mtu mmoja akauliza kwa hasira kwa nini Villa inamzungusha hivyo kijana wetu. Ikanibidi nirudi mwanzo, kwamba Villa haipo tena kwenye habari hii, ilishalipwa ikaondoka.

Na droo ya Ligi ya Europa ilikuwa imeshawaweka Antwerp na Fenerbahçe kundi moja. Tarehe 21 Oktoba 2021, Istanbul, Samatta alianza akiwa na jezi ya Antwerp mbele ya watu wanaommiliki. Dakika za mwanzo kabisa akafunga. Mechi iliisha 2-2.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika kijiweni nikakuta kelele za harusi. Mzee mmoja ambaye huwa haongei sana, aliyekuwa bandarini kabla ya kustaafu, akanivuta kando na kikombe chake mkononi.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa makaratasi. Bao la jana ni la nani?"

"La Antwerp, mzee. Ndio waliompanga."

"Na mtoto ni wa nani?"

"Wa Fenerbahçe. Mkataba wake uko kwao."

Akanywa funda moja, akatikisa kichwa taratibu. "Basi wamefungwa na mali yao wenyewe, na hawawezi kushtaki popote."

"Popote, mzee."

Akarudi barazani, akawaelezea wenzake kipengele hadi kipengele, na safari hii hakuna aliyemkatiza.