Dau mnalijua, mshahara je?

Dirisha la usajili likifunguliwa tu simu yangu haipumziki, wadau wananiuliza dau, fulani kachukuliwa kwa bei gani, yule Mkongo kavunjiwa mkataba kwa dola ngapi, sijui nini. Analipwa ngapi kwa mwezi na mkataba wa miaka mingapi, hilo haliulizwi kabisa. Mimi ni mhasibu, nimekaa kwenye vitabu vya klabu hapa Dar, na nawaambia kabisa mara nyingi dau sio linaloumiza. Dau linalipwa linaisha, mfadhili anapiga picha na jezi, watu wanaenda nyumbani. Mshahara unarudi kila mwisho wa mwezi, timu imeshinda haijashinda.

Ebu chukua kalamu. Meneja wa mchezaji wa kigeni anakuja anasema kijana anataka dola 5,000 mkononi, viongozi wanashusha pumzi wanasaini. Sasa mkononi maana yake kodi ni juu ya klabu, na kiwango cha juu cha PAYE, yani kodi ya mshahara, ni 30%, ukirudisha hesabu nyuma hiyo 5,000 inasogea 7,000, na hapo NSSF bado, nyumba ya Mbezi Beach bado, gari bado, tiketi za ndege za mke na watoto bado. Zidisha 7,000 kwa miezi 24 unapata dola 168,000, na huyu ndio yule mliyeambiwa amekuja bure, bila dau! Klabu ikianza kubanwa cha kwanza kurukwa ni TRA na NSSF, kwasababu mchezaji asipolipwa anagoma mazoezini kesho asubuhi ila TRA wanakuja baadae, na wakija wanakuja na riba. Ndio maana deni la klabu nyingi huwezi kuliona uwanjani.

Halafu kuna dola yenyewe. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kwenye 2,300 hivi, 2024 ikapita 2,700. Mchezaji hajaongezewa hata senti, kiwango chake ni kilekile, pengine kimeshuka, lakini mshahara wake kwa shilingi umepanda na wewe kiingilio cha mzunguko hujapandisha maana ukipandisha watu watakutukana.

Na mapato yetu yanakuja kwa vipindi. Mkataba wa Azam wa 2021 wa kuonyesha ligi kwenye TV ulitangazwa shilingi bilioni 225.6, watu wakapiga makofi, ila ni wa miaka 10 na ligi ina timu 16, gawanya mwenyewe, wastani ni kama bilioni 1.4 kwa timu kwa mwaka hata ungegawa sawa kwa sawa hela yote, kitu ambacho hakipo. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000 lakini unajaa siku ya derby na usiku wa CAF, timu ndogo ikija viti vinahesabika. Kwahiyo hela ya uhakika ni kidogo, nyingine yote inategemea mpira umeingia au umegonga mwamba.

Hapo ndio nalala na wasiwasi. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na USM Alger, Simba wakafika 2025 na RS Berkane, safi sana, na hela ya CAF inaingia. Tatizo ni bajeti ya msimu unaofuata, mtu anakaa anaandika mishahara kana kwamba fainali ni haki yake ya kuzaliwa.

Leeds United ya Uingereza walifanya hivyohivyo. Walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2001, wakakopa pauni milioni 60 kwa kuweka rehani viingilio vya miaka ijayo, hesabu yao ikisema watarudi kila mwaka. Hawakurudi. 2004 wakashuka daraja. Watu wanapenda kucheka wale samaki wa pambo waliokuwa wanakodiwa ofisini kwa mwenyekiti, mimi naangalia jambo la Robbie Fowler, walimuuza Manchester City 2003 na bado wakaendelea kumlipa sehemu ya mshahara wake akiwa anavaa jezi ya wenzao. Yani mchezaji ameondoka, mshahara umebaki.

Na kwetu inatokea, ila sisi tunaenda njia ya FIFA. Mchezaji akikaa miezi miwili bila kulipwa, anaandika notisi ya siku 15, kimya, anavunja mkataba kihalali na anadai mpaka miezi iliyobaki. Klabu ikishindwa kesi isipolipa inafungiwa kusajili, mpaka madirisha matatu mfululizo, na jina linawekwa kwenye orodha ambayo mtu yoyote anaisoma mtandaoni. Mashabiki wanasema tumehujumiwa. Hakuna hujuma hapo, kuna mtu alimtema mchezaji WhatsApp akidhani mkataba nao umekufa.

Mtasema lakini sisi tuna mwekezaji. Sawa, ila hela anayoingiza ni zawadi, ni hisa au ni mkopo? Hivi vitu vitatu kwenye akaunti ya benki vinafanana kabisa, kwenye vitabu ni mbingu na ardhi. Familia ya Glazer waliinunua Manchester United 2005 kwa hela nyingi ya kukopa na deni likabebeshwa klabu yenyewe, inalipa riba mpaka leo. Sisemi wa kwetu wanafanya hivyo. Nasema mwekezaji anayelipa mishahara kwa mkopo, siku akinuna anaondoka akiwa anaidai klabu, na wachezaji bado wanadai pia.

Kwahiyo mkutano mkuu ukifika na ile taarifa ya mapato na matumizi ikasomwa haraka haraka kama tangazo la msiba, wewe mwanachama nyoosha mkono uombe karatasi moja tu, ile ya madeni: nani anatudai, kwa sarafu gani, na lini tunatakiwa kulipa. Wakikuambia ipo kwa mkaguzi, uliza mkaguzi amekaa wapi, kwa kawaida huwa yupo humohumo ukumbini.